Kufunga bresi ukiwa na kisukari, mimi nilivyofanya

Watu wakishajua nina kisukari aina ya kwanza afu wakaona waya wa bresi, zile za kupanga meno, mdomoni swali huwa ni lile lile, dokta alikubali vipi? Alikubali, ila sio siku hiyo hiyo.

Kabla hajagusa jino lolote dokta wa kupanga meno alitaka fizi zikaguliwe na nilete majibu ya HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa kama miezi mitatu hivi. Yangu ilikuwa imepita asilimia 8 na lengo la watu wazima wengi ni chini ya 7, akaniambia nenda kaishushe kwanza na dokta wako wa sukari ndo urudi. Nilinuna, sitasema uongo, manake meno yangu yalishanikera miaka. Lakini alinielewesha vizuri, jino haliendi lenyewe, waya unalisukuma taratibu, kule linakoelekea mfupa unaliwa na nyuma yake unajengwa mwingine, sasa sukari ikikaa juu muda mrefu fizi zinaumwa kirahisi na mfupa nao unaliwa kuliko inavyotakiwa, mwisho meno yanapangika huku yanalegea. Kwa hiyo nikasubiri, sukari ikashuka, akanifunga.

Mimi nilijiandaa kwa maumivu tu. Kumbe shughuli yenyewe ni insulini na kutafuna. Siku chache za mwanzo, na kila wakikaza waya, meno yanauma hata ukigusanisha ya juu na ya chini. Sasa wewe umezoea kujichoma kabla ya kula, umehesabu wanga wa sahani nzima, unatafuna matonge mawili matatu unashindwa unasukuma sahani pembeni, chakula kimebaki mezani ila insulini iko mwilini inafanya kazi yake. Mara ya kwanza ilinikuta jioni, jasho, mikono inatetemeka, nachukua vidonge vyangu vya glukosi natia mdomoni nang'ata, weee! Nilisikia maumivu hadi kwenye sikio. Ikabidi nikimumunye taratibu huku nimeegemea ukuta, na mtu sukari imeshuka ndo hana muda wa kumumunya kitu taratibu. Toka siku hiyo mkobani natembea na juisi ndogo zenye sukari, nakunywa ya kutosha gramu 15 za sukari, nasubiri dakika 15, napima tena.

Nilivyomweleza dokta wa sukari akanibadilishia utaratibu kwa zile siku za maumivu tu, ile insulini ya haraka nichome nikishamaliza kula, kulingana na kilichoingia kweli tumboni. Hiyo peke yake ndo ilinirudishia amani. Ila jamani muulize dokta wako, usichukue yangu, dozi zetu hazifanani na mwili wako unaujua wewe na yeye. Kingine, chakula kilichopondwa au kusagwa mara nyingi kinapandisha sukari haraka kuliko kile kile ukikila kizima, mimi nilishangaa mashine inasoma juu na nimekula kidogo tu.

Usiku ndo kuna mtihani. Ushapiga mswaki, umepitisha kale kabrashi kadogo katikati ya waya, umelala, saa tisa alamu ya sensa, kile kifaa cha kubandika mwilini kinachosoma sukari muda wote, inalia sukari inashuka. Unakunywa juisi. Sasa hiyo sukari inabaki imeganda kwenye bresi mpaka asubuhi, na ukitoa bresi unakuta madoa meupe kwenye meno ambayo hayafutiki kwa mswaki. Mimi kwanza naipandisha sukari, hapo hakuna mjadala, ikishakaa sawa nasukutua maji mara kadhaa nalala. Nikiwa na nguvu napiga mswaki. Mara nyingi sina nguvu.

Vidonda vya shavuni navyo usivichukulie poa, kwetu sisi sukari ikiwa juu vinachelewa kupona, na kidonda kikipata maambukizi sukari inapanda zaidi, yaani mzunguko. Waya ukianza kuchoma tu naufunika na nta laini ya bresi hapo hapo, sisubiri. Dawa ya maumivu natumia paracetamol, zile za jamii ya ibuprofeni dokta hataki nizizoee kwa ajili ya figo.

Miadi naomba ya asubuhi, nikiwa nimekula na nimechoma kama kawaida. Kuna dada wa mapokezi aliwahi kunipigia kuniambia nije bila kula, nikamwambia dada yangu nina kisukari, naomba umuulize dokta kwanza, akauliza, ikaonekana sikuhitaji kufunga kabisa. Na nikikaa kwenye kile kiti simu yenye usomaji wa sensa naishika mkononi, tumekubaliana na dokta nikiinua mkono anaacha kila kitu, manake mdomo ukiwa wazi umejaa vyuma huwezi kusema najisikia vibaya.

Saa hizi meno ya juu yamekaa, pengo la mbele limeziba. Ya chini bado kuna moja la pembeni linagoma, dokta ameongeza mipira ya kulivuta. HbA1c ya mwisho imesoma chini ya 7, nadhani ni kwa sababu nalazimika kupima kila nikila, hata zile siku ambazo zamani ningekadiria tu kwa macho.