Kulima na Kulimishwa

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule na udongo kwenye magoti, akatupa mkoba kibarazani na kutangaza: "Nyanya, leo tumelimishwa."

Nikamuuliza: mlikuwa na somo la Kilimo, au mliadhibiwa? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Si jembe ni lile lile, Nyanya?" Akapita zake jikoni.

Nami nikabaki pale kibarazani, nimerudi Malindi ya mwaka 2006.

Kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001. Walimu tuliitikia mkutanoni, kisha tukarudi ofisini tukatazamana: sasa tutawashika na nini hawa? Jibu lilikuwa limeegemea ukuta wa stoo. Aliyechelewa, kipande cha nyasi. Aliyepiga kelele, kipande kikubwa zaidi, tena jua la saa sita. Nilipokuwa zamu, uwanja wetu ulikuwa safi kuliko wa shule yoyote jirani. Nilijivunia, usinicheke.

Likizo ya Aprili tukapelekwa semina, siku tano, ya kufundisha watoto kilimo. Nilienda kwa ajili ya nauli na pilau, sitadanganya. Lakini siku ya kwanza tulipanga mboji: majani makavu, majani mabichi, samadi ya mbuzi, majivu, udongo kidogo, maji, kisha unaanza tena. Katikati tukachomeka kijiti kirefu. Siku ya nne mkufunzi akakichomoa, akanipa nikishike. Kilikuwa cha moto kama mtoto mwenye homa. Sijui kwa nini kitu hicho kiliniingia hivyo. Tukafunzwa pia kutwanga majani ya mkilifi kwa dawa ya wadudu, na kwamba tuta lisipite upana wa mita moja, ili mtoto afike katikati bila kulikanyaga. Nikarudi nyumbani nimeiva kuliko mboji yenyewe.

Shule ilipofunguliwa, masika yameshalowesha ardhi, nikawatoa nje darasa la nne na majembe yote ya stoo.

Wakasimama mstari bila kuambiwa. Hapo ningejua. Tangu lini darasa la nne likasimama mstari bila kuambiwa?

Mbele kabisa alikuwa msichana mdogo, viatu amevivua amevishika mkono mmoja visichafuke, mkono wa pili umeshika mpini uliompita kimo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema neno "mboji". Nikaona kidevu chake kinatetemeka.

"Mwalimu," akasema, "mimi leo sikuchelewa."

Kimya. Kunguru juu ya mwembe akalia mara moja, akanyamaza naye. Kisha wa nyuma yake: "Wala mimi sikupiga kelele, Mwalimu." Na mwingine: "Hesabu nilimaliza, uliza." Mmoja baada ya mwingine wakajitetea, kama wako kortini, na kila mmoja akitaja kosa nililowahi kumlimishia. Nilikuwa nimesahau mengi. Wao hawakusahau hata moja.

"Hamjakosa kitu," nikasema. "Leo tunajifunza." Wakaangaliana kama watu walioambiwa leo samaki sokoni ni bure.

Aliyetoka mstarini alikuwa mvulana nitakayemwita Karisa, kwa kuwa Karisa ni wengi huku kwetu. Alichelewa karibu kila siku, mbuzi wa nyumbani ndio waliomchelewesha. Akatemea viganja, akashika jembe, na kwa muda mfupi akawa na tuta limenyooka. Kisha akaanza kuwafunza wenzake: "Usiliinue juu ya kichwa, utachoka. Liache lianguke lenyewe." Nikamsifu mbele ya wote, nikamfanya kiongozi wa bustani. Usiku ndipo nilipojiuliza ujuzi ule aliupata wapi. Semina haikuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Mengine yalienda yalivyoenda. Mchicha ulishika, kunde zikaliwa na mbuzi, tukapanda tena. Mzazi mmoja akaja kuniuliza kama majembe yamekwisha kwao hata mwanawe aje kuyashika shuleni. Mimi nikaacha kuadhibu kwa jembe. Wenzangu hawakuacha, na sikuwa na uso wa kuwasema.

Asubuhi moja nilikuwa bustanini na darasa. Karisa hayupo. Nikainua macho: yuko ng'ambo ya ua, anakata nyasi za uwanja, kachelewa tena na mwalimu wa zamu kamdaka langoni. Jembe lenyewe ni la bustani yetu. Nilitaka kumwita, nikasita, maana ningemwambia nini mwenzangu?

Yeye hata hakunitazama. Alikuwa anamtazama mvulana mmoja kwenye tuta langu.

"We!" akapaza sauti juu ya ua. "Si nilikwambia usiliinue hivyo?"