Siku yangu thieta: mimi ndiye mkoroga saruji

Saa 1 asubuhi nimeshavaa nguo za thieta, yaani chumba cha upasuaji. Kuhesabu vifaa, kukagua vilivyochemshwa, kusoma orodha ya wagonjwa, hayo ni ya kila siku. Leo kuna kazi mbili za saruji ya mifupa, ile ya kushikiza viungo bandia: goti lenye usaha asubuhi, nyonga mpya mchana. Mtaani wananijua kama sista anayewapa madaktari mikasi. Sawa, lakini saruji hiyo nakoroga mimi.

Saa 3, goti. Kiungo cha zamani kimetolewa, na mahali pake tunaweka speza, donge la saruji lililojaa antibayotiki, likae wiki kadhaa likiua wadudu. Hapo dawa tunamwaga bila huruma: antibayotiki ya vankomaisini gramu 4 kwenye unga wa saruji wa gramu 40. Saruji inadhoofika, lakini ni ya muda tu, na mgonjwa atatembelea magongo.

Saa 6 na nusu, nyonga, na hapo ndipo siku ilipoharibika. Mama wa miaka sabini na ushei, ana kisukari. Daktari kijana kaona vankomaisini iliyobaki, kaona na ampuli za jentamaisini ya maji, antibayotiki nyingine.

"Sista, tia zote. Huyu tusije tukamrudisha hapa na usaha."

"Dokta, pakiti hii imetoka kiwandani na jentamaisini ndani."

"Ndiyo, lakini kidogo! Asubuhi si umetia gramu 4 mwenyewe?"

"Asubuhi ilikuwa speza. Hii inakwenda kumbeba mama huyu miaka na miaka."

Akanuna. Nikamweleza huku mikono imekunjwa kifuani, maana nimeshanawa na siruhusiwi kugusa kitu. Kiwango cha kimataifa cha saruji hii, ISO 5833, kinataka ikishaganda ihimili mbano wa angalau megapaskali 70 (kipimo cha nguvu ya mbano). Hupimwa kwa kubana kipande cha kipenyo cha milimita 6 na urefu wa milimita 12 hadi kisalimu amri. Dawa ya unga isiyozidi gramu 2 hivi, saruji inaivumilia. Ukizidisha, kila punje inayoyeyuka inaacha tundu, na nyufa huanzia kwenye matundu. Dawa ya maji ndiyo mbaya zaidi: haichanganyiki na saruji, inabaki matonematone ndani yake, na nguvu inaporomoka.

Hakukubali. Tukamwita bosi, naye yuko kliniki. Mgonjwa kalala, mtaalamu wa usingizi ananitazama juu ya barakoa kama vile kosa ni langu, kiyoyozi kinasuasua. Joto likipanda saruji inaganda upesi, kwa hiyo kila dakika ya ubishi ilikuwa inanipunguzia muda wa kazi. Hatimaye bosi akachungulia mlangoni, akauliza swali moja tu:

"Pakiti ina dawa?"

"Ina."

"Basi koroga."

Unga kwenye bakuli la kunyonya hewa, kimiminika mililita 20 juu yake. Harufu yake inapenya barakoa hadi machoni. Nagusa kwa ncha ya kidole: inanata kwenye glovu, bado. Nagusa tena, bado. Mara ya tatu glovu inatoka safi. "Tayari!" Namtahadharisha mtu wa usingizi kwamba saruji inaingia, maana presha inaweza kushuka ghafla. Kibonge kilichobaki nakishika kiganjani. Kinapata moto hadi nakihamisha mkono wa pili, kisha kinakuwa jiwe. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kutikisa ule mguu.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kitambaa kimoja kilipotea kwenye hesabu, tukakikuta ndooni. Miguu ikawaka. Chai niliinywa nimesimama, nikikaa sinyanyuki.

Daktari kijana akanifuata palepale. "Sista, na rifampisini ya unga je?"

"Hiyo ndiyo usiiguse kabisa, Dokta. Inazuia saruji kuganda. Utashikilia huo mguu mpaka kesho."