Vikapu vyetu Mikindani haviibwi tena

Atakayekwambia "weka kufuli" msikilize kwa adabu, kisha fanya lako. Tulipoanza gofu ya visahani, mchezo wa kurusha kisahani kidondoke kwenye kikapu chenye minyororo juu ya nguzo ya bomba, pembezoni mwa Mikindani, chini ya mikorosho, ushauri ulikuwa huo huo kila upande. Tukafunga makufuli. Wezi wakaja usiku na msumeno wa chuma, wakakata bomba chini ya kufuli, wakaondoka na kikapu na kufuli lake. Mwingine akataka niajiri mlinzi. Uwanja wa vijana usio na kiingilio, mshahara wa mlinzi utoke wapi?

Dawa niliipata kwa wanunuzi wa skrepa wenyewe, wale wa chuma chakavu. Nilikwenda Mtwara mjini kuwauliza ni kitu gani wanakikataa kwenye mizani. Mmoja akanijibu waziwazi: "Bomba lenye zege ndani sichukui, kaka. Nikununulie mchanga kwa bei ya chuma?" Nilirudi na furaha isiyo na kifani. Mabomba yote tukayajaza zege mpaka juu, na kule chini fundi akachomelea nondo mbili za kukingama kabla ya kuyasimika, nguzo isichomoke hata itikiswe usiku kucha. Zege liwe laini, na ugonge bomba kwa nyundo huku unamimina, la sivyo linakwama katikati. Saruji ni mifuko michache tu.

Iliyobaki kunisumbua ni minyororo. Hiyo mwizi hahitaji kuipeleka kwa mnunuzi wa skrepa, maana mwenye mbuzi anaitaka na mwenye mtumbwi anaitaka. Bila minyororo mchezo unapoteza ladha: ndiyo inayokiua kasi kisahani kikadondoka kapuni, wakati bomba tupu linakirusha mbali. Ni kweli Oak Grove kule California, uwanja wa kwanza wa kudumu wa mchezo huu, mwaka 1975 walianza kwa kulenga nguzo, kabla Ed Headrick hajaleta kikapu cha minyororo. Nasi tulilenga nguzo kwa muda. Vijana walibishana mpaka giza linaingia, kimegusa, hakijagusa.

Basi nikachukua rangi ya mafuta ya zambarau iliyobaki kwa fundi mmoja, nikachovya minyororo mipya yote kwenye ndoo, pingili kwa pingili. Wakasema naharibu mali. Lakini ufukwe wote huu nani mwingine ana mnyororo wa zambarau? Haukupita muda, minyororo ya kikapu kimoja ikakatwa, na kijana wetu akaikuta ufukweni, imeungwa, imefunga mtumbwi. Polisi sikwenda. Nilimchukua mzee mwenye shamba, tukamwamkia mwenye mtumbwi kwa heshima, nikamwonyesha picha ya kikapu kwenye simu. Kumbe aliuziwa. Akaifungua kwa mikono yake, akanikabidhi, na kabla ya magharibi kila mvuvi alishajua zambarau ni ya nani. Tangu siku hiyo haina mnunuzi.

Ukitaka kuanzisha kwako, patana kwanza na mwenye shamba. Sisi kuanzia Oktoba, korosho zinapodondoka, hatukanyagi upande wake mpaka amalize kuokota, naye akizunguka usiku kulinda korosho zake anavipitia na vikapu vyetu. Rangi hupauka kwa jua na chumvi ya bahari, kwa hiyo kila masika yakikaribia tunaishusha minyororo na kuichovya upya.