Kilomita Mbili za Mtaa Unaojengwa

Nilianzia upande wa bondeni, saa moja asubuhi. Saa hiyo jua hupiga kuta kwa mshazari, na kila kiraka cha lipu kinajitokeza. Ikifika saa sita, ukuta wote unaonekana sawa. Mtaa wenyewe hauzidi kilomita 2, na mwenye haraka anaumaliza kwa dakika 25. Nilijipa saa tatu, daftari, penseli na tepu ya mita 5. Ndani ya uzio wa ujenzi hakuna haja ya kuingia. Karibu kila kitu cha maana huonekana ukiwa njiani.

Nyumba za kwanza ni za zamani, na habari zake ziko miguuni. Mlangoni palijengwa ngazi tatu, iliyobaki ni moja. Nyumba haijazama. Barabara ndiyo iliyopanda, maana kila inapotiwa lami mpya, ya zamani haikwanguliwi. Tabaka la sentimita 5, likirudiwa mara nne, ni sentimita 20, na mvua ikinyesha maji hufika kizingitini kabla ya kufika mtaroni. Angalia pia mfuniko wa chemba ya majitaka: ukiwa umekaa shimoni, umeachwa, ukiwa sawa na lami na shingo yake ina saruji ya rangi tofauti, umepandishwa.

Pembeni ya mlango huo kuna mita tano za umeme, nne kati yake mpya. Nyumba ya familia moja imekatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha, na hakuna aliyebomoa ukuta wala kutundika kibao. Mabadiliko ya mtaa huanzia hapo, kabla kreni haijaonekana.

Nusu kilomita juu kuna uzio wa mabati, na nyuma yake shimo. Wapita njia husimama kutazama kijiko kikichimba. Cha kutazama ni mpira unaotoka kwenye pampu. Shimo likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, lazima maji yavutwe. Hilo halina ubaya. Kinachohesabika ni rangi yake. Maji ya tope yanaondoka na mchanga laini, na mchanga huo hautoki ndani ya uzio peke yake: unatoka pia chini ya msingi wa jirani. Hata maji safi si salama kabisa, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukipoteza maji hushikana na kushuka, ila polepole.

Jirani wa shimo hili ni nyumba ya tofali. Ufa umeanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa vidato, ukifuata viungo vya tofali, na ni mpana zaidi juu kuliko chini. Hiyo ni dalili ya kona iliyoshuka na kuuvuta ukuta kuelekea shimoni. Ingekuwa ni katikati ya ukuta iliyoshuka, ufa ungekuwa mpana chini. Nyufa nyembamba kama unywele, za kwenye lipu tu, hazinisumbui. Unaopitisha ukingo wa sarafu unastahili kufuatiliwa.

Na kuna anayeufuatilia. Kipande chembamba cha kioo kimebandikwa kukatiza ufa, saruji kila upande, tarehe imeandikwa, na penseli imechora mstari pale ufa unapoishia. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukisogea kidogo tu, kinapasuka. Wengi hukosea kwa kukibandika juu ya lipu iliyokwisha kuachia, wakaishia kupima lipu. Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa uwazi, bandua mpaka ulifikie tofali. Siku hiyo kioo kilikuwa kizima.

Mbele kidogo ilikuwa siku ya kumwaga zege, na hapo nilisimama saa nzima. Gari la zege lilipofika, fundi alileta koni ya bati: urefu milimita 300, kipenyo cha chini 200, cha juu 100. Hujazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka likichomwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha koni huinuliwa na kupimwa zege limeshuka kiasi gani, maana zege lenye maji mengi hushuka zaidi. Kipimo kilikwenda vizuri. Dakika chache baadaye mtu akaingiza mpira wa maji kwenye gari ili zege liteleze. Maji yanayozidi mahitaji ya saruji hatimaye hutoka na kuacha vitundu, na nguvu hupungua; koni iliyopimwa kabla ya mpira haikuwa na kazi tena. Sampuli za zege za milimita 150, zinazovunjwa siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu yake, zilikuwa zimepangwa juani kando ya kibanda cha mlinzi, hazijafunikwa hata na gunia bichi. Zikivunjwa, majibu yatasema habari za jua.

Ghorofa ya chini mbao za boksi lililoshika zege zilikwisha kufunguliwa. Kwenye kitako cha nguzo moja kokoto zilikuwa wazi kama karanga kwenye kashata: ama boksi lilivujisha uji wa saruji, ama vaibreta, mashine ya kutikisa zege lijae kila pembe, haikufika. Nguzo ya pili ilikuwa na kiraka cheusi mahali hapo hapo. Kiraka hunitia wasiwasi kuliko matundu, maana hakionyeshi kama nondo ya ndani imezungukwa na zege au na hewa.

Juu kabisa mtaa umekwisha geuka. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliipa hali hii jina la Kiingereza, “gentrification”, alipoandika kuhusu London: wenye kipato wanahamia mtaa wa wafanyakazi, na waliokuwapo wanasukumwa nje. Kwa mtembeaji, kipimo chake rahisi ni milango. Kwenye mita 100 za upande wa zamani nilihesabu milango 22, pamoja na ya karakana mbili. Upande wa pili, jengo jipya la urefu ule ule lina mitatu: mapokezi, magari, na takataka. Karakana huondoka mapema, kwa kuwa zinahitaji sakafu kubwa kwa kodi ndogo. Kwenye ukuta wa nyumba iliyobaki bado kuna alama ya paa la jirani aliyebomolewa, mshazari wa ngazi zake, na mraba wa rangi ya bluu uliokuwa chumba.

Wiki sita baadaye nilipita tena. Kioo kilikuwa vipande viwili, ufa umeupita mstari wa penseli kwa sentimita 4, na mpira wa pampu ulikuwa bado unatema tope mtaroni.