"Hutajuta" kwa Kiingereza

Dodoma, jioni

Tangu asubuhi neno moja limenikaa kichwani: hutajuta. Hapa mjini halikosekani. Dalali wa kiwanja cha Nala analitumia, muuza zabibu analitumia ("onja kwanza, hutajuta"), na mzazi analitumia kwa mtoto anayelalamika kwamba shule ni mbali. Kiswahili kikitaka kuahidi faida ambayo bado haijaonekana, mara nyingi hukanusha hasara. Hutajuta. Haitaenda bure. Jasho lako halitapotea. Ni namna nzuri ya kutia mtu moyo, kwa sababu inaanza na hofu yake na kuiondoa.

Kiingereza hupita njia nyingine. Kinataja thamani moja kwa moja: "It will be worth it." Maneno matano mafupi, na kila moja lina kazi. Wanaojifunza hupoteza moja kati ya mawili, ama "be" ama "it" ya mwisho.

Sababu ya kupoteza "be" iko kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Kustahili ni kitenzi, na kulipa ni kitenzi. Tunasema "itastahili", "italipa", kiambishi cha wakati ujao kinabandikwa juu ya kitenzi na kazi imekwisha. Basi mtu anahamisha mpango uleule: "ita-" inakuwa "it will", "stahili" inakuwa "worth", na matokeo yake ni "It will worth it". Hilo ni kosa, kwa kuwa "worth" si kitenzi. Inakaa kama kivumishi, ila kivumishi cha ajabu kidogo kwa kuwa kinadai jina baada yake, na ndiyo maana wanasarufi wengine wanaihesabu kama kihusishi. Vyovyote utakavyoiita, haisimami bila "be". Kwenye kukanusha ni "It won't be worth it", na kwenye swali ni "Will it be worth it?"

Hiyo "it" ya mwisho nayo si pambo. "It" ya kwanza ni jambo lenyewe, ya pili ni gharama yake: nauli, foleni, miezi ya kungoja. Ukiandika "The journey will be worth" umeiacha sentensi hewani, na msomaji wa Kiingereza atauliza, worth nini? Mpe kitu: "worth the fare", "worth the trouble", "worth the wait".

Ukitaka kutumia kitendo badala ya jina, tumia umbo la -ing, si "to". Wengi huandika "It will be worth to wait". Sahihi ni "It will be worth waiting", na kama unataja kinachongojewa, "for" lazima ibaki mwishoni: "The train will be worth waiting for." Hiyo "for" inayoning'inia huwasumbua watu. Ichukulie kama ile -ea ya kungojea. Ngoja ni kukaa tu, ngojea ina kitu mbele yake. Ukiondoa "for", umerudi kwenye ngoja.

Tukiwa hapo hapo, kuna jambo la kutendwa. Michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, kwa Kiswahili inastahili kutembelewa, yaani tunatumia hali ya kutendwa. Kiingereza hakitaki hivyo baada ya "worth". Anayemwandikia mgeni kabla ya safari aandike "The paintings will be worth visiting", asiandike "worth being visited". Umbo ni la kutenda, maana ni ya kutendwa. Ndivyo lilivyo, la kuzoea tu.

Sasa sauti, na hapa naomba tuwe makini zaidi kuliko mahali pengine pote. "Worth" inaishia na th ya thamani. "Worthy" katikati ina dh ya dhahabu. Kiswahili sanifu kinazo sauti zote mbili, kwa hiyo hatuna cha kuazima. Tatizo ni kwamba wengi wetu wa bara tunatamka samani tukimaanisha thamani. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe tunaelewana, muktadha unatuokoa. Kwa Kiingereza th ikigeuka s, "It will be worth it" inasikika kama imeanza na "It will be worse", yaani itakuwa mbaya zaidi. Umeahidi faraja, mgeni kasikia onyo. Ncha ya ulimi iguse meno ya juu, pumzi ipite. Jaribu kusema thelathini, thamani, worth, mfululizo, mara kumi.

Kosa linalofuata linatokana na -takapo-. Sisi tunasema "Utakapofika, utaona ilikuwa na thamani", wakati ujao mara mbili, na Kiswahili kinataka hivyo. Kiingereza baada ya "when" ya namna hii hakiweki "will": "When you arrive, you will see it was worth it." Kuandika "When you will arrive" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya kigeni. Cha kufurahisha, mwenye kuanza na -ki- ("ukifika, utaona") hakosei hapa, kwa sababu -ki- haina wakati ujao ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, geuza kwanza -takapo- iwe -ki- kichwani.

Kati ya "will" na "going to", sikiliza ushahidi. Vishada vimeshaonekana kwenye mzabibu na mnunuzi ameshapita shambani: "This harvest is going to be worth a lot." Shamba ni tupu bado na unaahidi tu kwa imani: "I'm sure it will be worth it." Tofauti si ya chuma, lakini masikio mazuri huiona.

Reli ya SGR inanifaa kama mfano wa nyakati. Kabla abiria hawajaanza kupanda mwaka 2024, kauli ilikuwa "It will be worth the wait." Treni ilipofika Dodoma, ikawa "It was worth the wait." Na anayesimulia leo maneno ya wakati ule ataandika "They said it would be worth the wait." Sisi hubakiza "walisema italipa" bila kugusa kitu. Kiingereza kikishapita "said", "will" kwa kawaida hushuka ikawa "would".

Kuna pia "worthy", nayo inaharibu barua nyingi za maombi. "Worth" ni bei na faida, "worthy" ni heshima, na hufuatwa na "of". Kiwanja "will be worth ten million shillings", si "worthy". Mwombaji wa ufadhili anaweza kuandika "I will prove worthy of this scholarship", na kwenye barua rasmi inakaa vizuri. Kwenye ujumbe wa simu ni nzito mno. Wala usiandike "very worth" kwa sababu ya "inastahili sana", neno la kukoleza ni "well": "It will be well worth the price."

Kwa anayeona "worth" inamkwama kabisa, "pay off" ina mifupa ya Kiswahili: italipa, "it will pay off". Lakini inafaa juhudi na mtaji tu. Subira "will pay off", masomo "will pay off". Machweo juu ya kilima hayawezi "pay off". Hayo "will be worth seeing".

Na ile ndefu inayoogopwa bure, "will have been worth it". Tunayo tayari: itakuwa imelipa. Mashamba mengi ya zabibu hapa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno yanaanzia kwenye kupogoa, kazi ya mgongo kuuma. Mkulima anayesimama leo kwenye matawi makavu na kuitazama siku ya mauzo kana kwamba imeshapita, atasema: "By the time we sell the grapes, all this pruning will have been worth it."