Swali la mjomba

Isevya, Tabora, Jumanne usiku

Binti wa dada kaolewa, wageni wa Urambo wamesharudi kwao, na mimi kimawazo bado nimekwama pale barazani kwa mjomba, Ng'ambo, Jumapili, sahani ya matobolwa ya viazi vitamu katikati yetu. Nilisema rais mstaafu mwema ni yule anayekaa kando. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Akisema, mtadai anamchimba aliyepo. Akinyamaza, mtadai kaitelekeza nchi. Wewe mwalimu wa uraia, afanye lipi?"

"Afuate katiba, mjomba."

"Ibara gani ya kunyamaza?"

Haipo. Ndicho kinachonichoma. Ibara ya 46 inamkinga na mashtaka kwa aliyoyafanya akiwa rais. Sheria ya mafao ya 1999 inampa pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye madarakani, yaani wa mrithi wake ukipanda, na yake inapanda. Lini aseme, lini anyamaze, hakuna palipoandikwa.

Nilipaswa kumjibu kwamba kwetu kuna viti viwili. Cha Ikulu hukabidhiwa siku ya kiapo, cha uenyekiti wa CCM hufuata baadaye. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais Novemba 1985, chama akakishika hadi 1990. Mzee Mwinyi alimwachia Mkapa chama Juni 1996, Mkapa akamwachia Kikwete Juni 2006, Kikwete akamwachia Magufuli Julai 2016. Mara hizo tatu za mwisho ni kati ya miezi sita na tisa tangu kiapo. Rais Samia alipata chama baada ya wiki sita tu, Aprili 2021, kwa kuwa aliyemtangulia alifariki. Katika miezi hiyo rais mpya anateua mawaziri, lakini Kamati Kuu inaongozwa na aliyetoka, na waziri mwenye shida anajua milango miwili ya kubisha. Hapo ndipo minong'ono inapozaliwa.

Ila kiti hichohicho cha chama ndicho kinachompa mstaafu mahali pa kusema "hapana" bila kipaza sauti. Akishakikabidhi, anabaki na hadhira. Agosti 1993 Bunge lilipopitisha hoja ya kuunda serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, Mwalimu hakuwa tena mwenyekiti. Akaipinga waziwazi, akaiandikia na kitabu, na viongozi waandamizi akawataja kwa majina. Mwaka uliofuata hoja ikafa, na Desemba 1994 Malecela akaondoka uwaziri mkuu. Mzee Mwinyi alibaki kwenye kiti cha Ikulu mpaka 1995, akamaliza muda wake. Kwangu kipimo ni hicho: sema, hata kwa ukali, lakini mwenye kiti umwache amalize.

Nimeandika hadi hapa ndipo nikakumbuka muhuri wa uenyekiti wa mtaa, aliokuwa nao mjomba. Mjomba aliukabidhi kwa mwenyekiti mpya wa mtaa, pamoja na daftari la wakazi, na hadi leo watu wanamgongea alfajiri wakitaka barua ya utambulisho. Anawaelekeza nyumba ya tatu, kwa mwenyewe. Jirani mmoja alishamwambia ana kiburi. Jumapili ile hakuwa akinipima. Aliuliza kwa sababu linamkaa rohoni, nami nikamjibu kwa katiba.

Kesho nitampitia na asali kidogo.

Mwembe wa nyuma umezidi kulalia paa la jirani, na mpasuko kwenye shina unaingia kidole sasa. Upepo wa jana nilikesha nikiusikiliza.