Nilivyopima kiwanja cha majani kwa saa ya mkononi

Ukiambiwa "ranwei hii (njia ya ndege kurukia na kutua) inatosha, ndege huruka hapa kila siku", uliza ndege gani, saa ngapi, na ilibeba nini. Mimi niliambiwa hivyo na meneja wa kambi moja kule Mara, akaongeza kuwa kiwanja chake ni kilomita moja kamili. Kilipimwa na dereva, kwa mita ya pikipiki. Pikipiki yenyewe nilikuja kuiona baadaye: mshale umelala kwenye sifuri hata ikikimbia.

Kabla sijatua na Cessna 206, ndege yangu ndogo, nikafanya kamchezo ambako wenzangu hunicheka nako. Nikashuka chini, nikapita sambamba na kiwanja, GPS ikionyesha maili 100 za baharini kwa saa. Kwenye jiwe jeupe la kwanza nikabonyeza saa, kwenye la mwisho nikabonyeza tena. Sekunde 15 na ushee. Kwa kasi hiyo unakula mita 51 kila sekunde, kwa hiyo kilomita ya meneja ilikuwa mita 780 hivi. Mshale wa kasi wa ndege usiutumie kwa kazi hii: kule juu kwenye joto unasoma 90 nawe unakwenda 100, na upepo hujauhesabu. Chini nikakuta ngiri wamechimba mwisho wa kusini. Toa mita 80, zinabaki 700.

Ilikuwa saa nane mchana, nyuzi 30, mwinuko futi 5,000. Kwa mwinuko huo joto linalohesabiwa kuwa la kawaida ni nyuzi 5, na kila nyuzi inayozidi ni kama kuipandisha ndege futi 120 zaidi. Injini na mabawa vilikuwa vinafanya kazi kama viko kwenye hewa nyepesi ya futi 8,000. Kwa abiria wote na masanduku yao, kitabu cha ndege kilinipa mita 650, tangu kuanza kukimbia mpaka kuvuka kizuizi cha kufikirika chenye kimo cha mita 15.

"Si unaona, Kapteni? Inatosha!"

Hizo ni za lami, bwana. Majani makavu ongeza asilimia 20, halafu mamlaka ya anga ya Uingereza inashauri uzidishe jumla kwa 1.33, iwe akiba ya usalama. Tulishavuka 1,000.

Tukalala. Asubuhi nyuzi 15, abiria nikawagawa safari mbili, kitabu kikashuka hadi 430; pamoja na majani na akiba, 686. Katikati ya kiwanja nikamwomba mzee askari aweke dumu la njano pembeni. Ndege yangu huinuka kwenye kasi ya maili 60 za baharini kwa saa. Nikifika kwenye dumu sijapata 42, yaani asilimia 70, nakata moto na kukanyaga breki. Nilipita dumu nikiwa na 48.

Meneja akanung'unikia mafuta ya safari ya pili. Nikamwambia pesa hiyo angeanza kununulia mita ya pikipiki.